Mikono kichwani, wasiwasi rohoni: wasomaji wanauliza kuhusu kupima tiba ya fuvu vyuoni

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: wanafunzi wa vyuo vikuu wenye wasiwasi, wanaolazwa chali, wakashikwa kichwa kwa wepesi kwa nusu saa, kisha wakainuka wakisema wamepata nafuu. Wapo wanaotaka kulifanyia utafiti, na wapo wanaotaka kujua kama walipie. Nafuu yenyewe hatuibishii. Mtu aliyelala kimya, simu imezimwa, akashikwa kwa upole na mtu anayemjali, kwa kawaida atatulia. Linalotakiwa kupimwa ni kama ufundi wa fuvu unaongeza chochote juu ya utulivu huo.

Tiba hii ni kitu gani hasa? Na ni kweli mifupa ya kichwa husogea?
*Msomaji, Mombasa*

Asili yake ni osteopathi, tiba ya mikono iliyoasisiwa Marekani na Andrew Taylor Still mwaka 1874. William Garner Sutherland, aliyesoma katika shule ya Still, ndiye aliyekuja na wazo kwamba mifupa ya fuvu la mtu mzima ina mchezo mdogo kwenye maungio yake, na kwamba maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana mwendo wake wa polepole, mbali na mapigo ya moyo na pumzi. Alichapisha mawazo hayo mwaka 1939. Katika miaka ya 1970 John Upledger, aliyekuwa Michigan State University, akaipa sura mpya na kuieneza kwa jina la tiba ya kraniosakro.

Ufundi unaotumika mara nyingi katika majaribio ya kutuliza mwili huitwa CV-4, yaani mgandamizo wa ventrikali ya nne ya ubongo (mojawapo ya nafasi zenye maji ndani ya ubongo). Mshiriki analala chali bila mto mnene. Mtoa tiba anakaa upande wa kichwa, vigasha vimeegemea kitanda, kiganja kimoja ndani ya kingine, vidole gumba vikielekea upande wa miguu. Kisogo kinalalia minofu miwili iliyo chini ya vidole gumba. Hapa ndipo wanaojifunza hukosea: minofu hiyo ikae kwenye mfupa wa kisogo wenyewe, ndani ya mistari ya maungio, isifike kwenye mfupa unaochomoza nyuma ya sikio. Baada ya hapo uzito wa kichwa ndio unaofanya kazi, mikono haikamui. Mtoa tiba hungoja hadi ahisi kile anachokiita utulivu, kwa kawaida dakika kadhaa, kisha analegeza polepole.

Kuhusu mifupa, ushahidi ni dhaifu. Mwaka 2006 watafiti waliwapima sungura waliotiwa ganzi kwa kuvuta mfupa wa fuvu kwa uzito wa gramu 5 hadi 20. Gramu 5 ni uzito wa karatasi moja ya A4 ya kawaida, na ndicho kiasi ambacho walimu wa tiba hii husema kinatosha. Maungio hayakusogea, na shinikizo ndani ya fuvu halikubadilika. Tena, tangu miaka ya 1990 tafiti kadhaa ziliwaweka watoa tiba wawili wamguse mtu mmoja, kila mmoja ahesabu huo mwendo wa polepole kivyake. Hesabu zao hazikulingana.

Je, hilo linamaliza mjadala? Kwa upande wa maelezo ya Sutherland, karibu linamaliza. Kwa upande wa nafuu, bado. Mguso unaweza kutuliza kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2005 jaribio dogo la watu 20 wenye afya huko Marekani lililinganisha CV-4, CV-4 ya kuigiza na kutofanya lolote, na waliopata CV-4 walichukua muda mfupi zaidi kusinzia. Watu 20 ni wachache mno kujenga juu yao, ila wanatosha kuonyesha kwamba swali linapimika. Basi kwenye pendekezo lako la utafiti andika unachopima: "je, kushikwa kisogo kwa namna hii kunapunguza wasiwasi kuliko kushikwa kwa kawaida?" Usiandike kwamba utachunguza mtiririko wa maji ya ubongo wakati huna chombo chochote cha kuuona.

Nasoma fiziotherapia, mwaka wa mwisho. Nimepanga kuchukua wanafunzi 15 wenye wasiwasi, niwape vikao vinne, niwapime kabla na baada. Msimamizi amelikataa andiko langu. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Moshi*

Msimamizi wako amekusaidia. Kwa mpango huo alama zitashuka hata kama mikono yako haifanyi kitu, na zitashuka kwa sababu zaidi ya moja.

Kwanza, umechagua watu siku waliyokuwa juu. Wasiwasi hupanda na kushuka wiki hadi wiki. Ukiwachukua wote waliopata alama 10 na zaidi kwenye dodoso leo, ndani yao wamo waliokuwa na wiki mbaya tu, na wiki mbili baadaye watarudi kwenye hali yao ya kawaida wenyewe. Wanatakwimu huita hali hii kurudi kwenye wastani, nayo imetia aibu tafiti nyingi za tiba za mikono.

Pili, kalenda ya chuo inasonga. Kipimo cha kwanza kabla ya mitihani na cha pili baada yake kinapima mitihani.

Tatu, mwenzako uliyemshika kichwa kwa wiki nne anajua unataka jibu gani. Haoni haya kukuzawadia pointi mbili tatu.

Dawa yake ni makundi matatu yaliyogawanywa kwa bahati nasibu: wanaopata ufundi wa fuvu, wanaopata mguso wa kuigiza, na wanaosubiri (hawa wapewe huduma utafiti ukiisha, maana ni haki yao). Kundi la kusubiri linakuonyesha wiki zenyewe zinafanya nini. Kundi la kuigiza linakuonyesha kulala kimya na kuguswa kunafanya nini. Tofauti kati ya ufundi na kuigiza ndiyo jibu lako. Ukilazimika kubaki na makundi mawili, tupa la kusubiri, ubaki na la kuigiza. Wengi hufanya kinyume kwa sababu kusubiri hakuna gharama, halafu wanatangaza kwamba tiba imefanya kazi wakati walichothibitisha ni kwamba kulala kidogo kunapendeza.

Ugawaji wenyewe usiufanye kwa namba za usajili shufwa na witiri, wala kwa siku za wiki. Anayeandikisha atajua anayefuata anaangukia wapi, na huruma itamfanya amsukume rafiki mwenye wasiwasi mkubwa kwenye kundi la tiba. Mtu asiyehusika na uandikishaji atengeneze orodha kwa kompyuta, katika mafungu ya watu 3, 6 na 9 yaliyochanganywa ili kundi linalofuata lisikisiwe. Kila jina la kundi liingie kwenye bahasha isiyopenya mwanga, yenye namba ya mfululizo, imefungwa na kusainiwa juu ya mfuniko. Weka karatasi ya kaboni ndani: jina la mshiriki linaandikwa juu ya bahasha kabla haijafunguliwa, nalo linajichora kwenye karatasi ya ndani. Hapo hakuna wa kubadilisha bahasha bila kuacha alama.

Hilo kundi la kuigiza linatengenezwaje? Mtu akiguswa kichwani si tayari ametibiwa?
*Mwalimu wa chuo, Nairobi*

Mwalimu, umegusa kiini, na kwa hiyo jibu hili litakuwa refu.

Tuanze na mfano wa kuigiza kulikopungua. Mwaka 2011 lilichapishwa jaribio la Hispania la wagonjwa 84 wa fibromyalgia (maumivu sugu ya mwili mzima), lililopima wasiwasi pia miongoni mwa mambo mengine. Tiba ya kraniosakro ilitolewa kwa wiki 25, na kundi la kulinganishwa walipitishiwa mashine ya ultrasaundi iliyozimwa. Kundi la tiba lilipata nafuu ya wasiwasi. Lakini tazama kilicholinganishwa: mikono ya mtu dhidi ya chombo kisichowaka. Hata kama ufundi wa fuvu ni bure kabisa, mikono ingeweza kushinda.

Sasa tazama jaribio la Ujerumani la mwaka 2016, la watu 54 wenye maumivu sugu ya shingo, vikao nane, kimoja kila wiki. Kundi la kulinganishwa liliguswa kwa wepesi na mikono ya watu, sehemu za mwili zilizopangwa mapema. Hilo ndilo la kuiga.

Kwa CV-4 tunapendekeza hivi. Chumba kilekile, kitanda kilekile, mtoa tiba yuleyule, dakika zilezile kwa saa ya kengele. Katika kuigiza, kichwa kilalie vidole vilivyonyooka badala ya minofu ya kiganja, mikono ikiwa imetulia, pasipo kungoja "utulivu" wala kufuata mwendo wowote. Na kwa kuwa mtoa tiba anayeamini kazi yake ataanza kutibu bila kukusudia, mpe kazi ya akili: ahesabu kimoyomoyo kutoka 100 akipunguza saba saba, 100, 93, 86, hadi kengele. Akifika chini aanze upya.

Maneno ni sehemu ya tiba, basi yaandikwe. Ukurasa mmoja wa sentensi za kusema mlangoni, wakati wa kulala, wakati wa kuinuka, na jibu moja kwa anayeuliza "hii ndiyo yenyewe?" Mtoa tiba asiyefungwa na karatasi atamwambia wa kundi la tiba "unajisikiaje sasa? mabega yamelegea, eeh?", na wa kundi la kuigiza atamwambia "haya, tumemaliza." Tofauti hiyo ndogo peke yake inaweza kuzaa pointi tatu. Rekodi sauti za vikao vichache vilivyochaguliwa bila kutangazwa, kwa ridhaa ya wote, uzisikilize.

Watumie watoa tiba wawili au zaidi, kila mmoja atoe vyote viwili. Ukiwa na mmoja utakuwa umempima yeye. Mtoa tiba hawezi kufichwa anachofanya, kwa hiyo asihusike kabisa na vipimo. Dodoso likusanywe na mtu mwingine, chumba kingine, asiyejua kundi la mshiriki.

Na tiba ya kuigiza ipimwe kama ilifaulu kuigiza. Baada ya kikao cha kwanza muulize kila mshiriki, kwa kipimo cha 0 hadi 10, anatarajia nafuu kiasi gani. Mwisho kabisa muulize anadhani alipata ipi na kwa nini. Kwenye makundi mawili, wanaobahatisha wapatie karibu nusu kwa nusu. Wakipatia wengi, soma sababu zao. "Alinishika kwa muda mfupi" ina maana utaratibu wako ulivuja. "Nimepata nafuu, kwa hiyo bila shaka ilikuwa yenyewe" ni jambo jingine, halina kosa la utaratibu.

Tunakubali kwamba mguso wa kuigiza nao unatuliza. Ndiyo maana yake. Kama ufundi uliosomewa kwa miaka na ada kubwa hauwezi kuushinda mguso wa mtu anayehesabu saba saba, wanafunzi wetu wanastahili kujua hilo.

Nahitaji washiriki wangapi?
*Msomaji, Kampala*

Iko kanuni fupi inayofaa kwa kupanga: idadi ya kila kundi ni 16 mara kipeo cha pili cha (mchepuko sanifu gawanya kwa tofauti unayotafuta). Mchepuko sanifu ni kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika. Kanuni hiyo inakupa uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti ikiwa ipo, kwa kiwango cha kawaida cha 0.05. Tuseme dodoso lako lina mchepuko sanifu wa pointi 10 na unaona tofauti ya pointi 5 ndiyo ya maana: 16 × (10 ÷ 5)² = 64 kwa kila kundi. Ukitafuta pointi 3, inafika 178. Ukichukua watu 12 tu kwa kila kundi, unaweza kunasa tofauti ya pointi 11 na nusu hivi au zaidi, na tofauti kubwa hivyo kati ya mguso na mguso haitarajiwi.

Ongeza wanaoacha. Kwa asilimia 20, gawanya 64 kwa 0.8, unapata 80. Upande wa nafuu ni kwamba ukichambua kwa kuzingatia alama ya mwanzo ya kila mtu, na alama za mwanzo na mwisho zikiwa na uhusiano wa kitakwimu (korelesheni) wa 0.6, mahitaji yanashuka hadi asilimia 64 ya hesabu ya awali: 41 badala ya 64, au 52 ukijumlisha wanaoacha.

Kabla hujafurahi, hesabu mikono. Watu 160 katika makundi mawili yanayoguswa, vikao vinne kila mmoja, ni vikao 640. Kila kimoja na maandalizi yake dakika 45: saa 480. Ukiwa na watoa tiba wanne, kila mmoja akifanya vikao sita kwa siku, ni siku 27 za kazi mfululizo. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza haiwezekani, na usijilazimishe. Fanya utafiti mdogo wa awali wa watu 30, ujibu maswali ambayo idadi hiyo inaweza kuyajibu: waliokubali ni wangapi kati ya walioombwa, wangapi walimaliza vikao vyote, na je, kuigiza kulifichika? Hiyo ni tasnifu yenye heshima zaidi ya "tiba imethibitika" ya watu 15.

Nitumie dodoso gani? Nimeona GAD-7 na STAI, zote za Kiingereza.
*Msomaji, Morogoro*

Zinapima vitu viwili tofauti. GAD-7, ya mwaka 2006, ina maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 21, na mipaka ya 5, 10 na 15 kwa wasiwasi mdogo, wa kati na mkali. Haina malipo. STAI ina maswali 40: 20 ya hali ya sasa hivi na 20 ya tabia ya mtu kwa jumla, kila sehemu ikitoa alama 20 hadi 80. Hii ina haki miliki, leseni inanunuliwa, basi usiipige fotokopi tu.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni GAD-7 kujazwa dakika kumi baada ya kikao. Inauliza wiki mbili; mtu atakumbuka wiki mbili zilezile alizokumbuka saa moja kabla. Tumia STAI ya hali ya sasa kwa mabadiliko ya papo kwa papo, na GAD-7 kuchagua washiriki, kisha wiki mbili baada ya kikao cha mwisho, na tena baada ya wiki nane ukiweza. Tangaza mapema ipi ndiyo kipimo kikuu. Moja tu.

Kosa la pili linatokea kwenye Excel. Katika maswali 20 ya hali ya sasa, kumi yameandikwa kwa upande wa utulivu: la 1, 2, 5, 8, 10, 11, 15, 16, 19 na 20. Haya lazima alama zake zigeuzwe, 4 iwe 1, 3 iwe 2. Ukisahau, mtu aliyetulia kabisa anapata 40 kwenye hayo kumi na 10 kwenye mengine, jumla 50. Aliyechanganyikiwa kabisa anapata 10 na 40, naye 50. Kila mtu anasogea katikati na utafiti mzima unazikwa na safu moja ya Excel.

Lugha: tafsiri ya Kiswahili ya GAD-7 ilishapimwa Kilifi, Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na VVU, na matokeo yakachapishwa 2020. Wanafunzi wa chuo ni kundi jingine, kwa hiyo wasomee kumi hivi kwanza, mmoja mmoja, wakueleze kwa maneno yao kila swali linauliza nini. Neno "wasiwasi" kwa wengine ni mashaka ya kidini, kwa wengine ni woga wa mtihani. Ukitumia PHQ-9 ya sonona pamoja nayo, jua kwamba swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Lisomwe siku hiyohiyo, kabla mshiriki hajaondoka jengoni, na awepo mtu wa kumpokea. Dodoso lililokaa kabatini wiki tatu likiwa na jibu la "karibu kila siku" kwenye swali la 9 ni uzembe unaoweza kugharimu uhai.

Je, ninunue vifaa vya kupima moyo na mate?
*Msomaji, Dodoma*

Mate ya kupima kotisoli, homoni ya msongo, acha. Homoni hiyo hupanda mtu akiamka, inafika kilele nusu saa hivi baadaye, kisha inashuka asubuhi nzima. Ukipima saa 2 na tena saa 3 asubuhi, itashuka hata kama mshiriki alikuwa anafua nguo.

Mkanda wa kifuani unaosoma nafasi kati ya pigo na pigo la moyo una manufaa zaidi ukiutumia kwa nidhamu. Rekodi ya dakika 5, mshiriki amelala kwa kabla na baada. Wengi hupima kwanza mtu amekaa, baada ya tiba wanampima amelala, wanasherehekea badiliko la mkao. Dakika 10 za mapumziko kabla ya kipimo cha kwanza. Pasiwe na kahawa, kinywaji cha kuongeza nguvu, sigara wala miraa tangu asubuhi. Na hesabu pumzi: mtu akishuka hadi pumzi sita kwa dakika, tofauti za nafasi hizo zinaongezeka kwa sababu ya pumzi yenyewe. Usiporekodi pumzi hutajua umepima nini.

Vikao vifanyike lini ndani ya semista?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Chora kalenda kwanza: majaribio ya katikati, UE (mitihani ya mwisho wa semista), wiki ya matokeo, na kwa Tanzania siku za bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi). Mwanafunzi asiye na hela ya kula ana wasiwasi ambao hauondoki kwa kushikwa kisogo, na bumu likiingia unaondoka bila kushikwa popote. Andikisha kati ya wiki ya tatu na ya tano, maliza vikao kabla ya wiki mbili za mwisho za masomo. Makundi yote yaendeshwe sambamba wiki kwa wiki. Kumaliza kundi la tiba kwanza halafu ndipo uanze la kuigiza kunaharibu bahati nasibu yote. Na kwenye fomu uliza kama mtu anasubiri sapu (mtihani wa marudio), maana anayehofia kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, yuko kwenye dunia yake.

Wanafunzi wangu wengi wa kike huvaa hijabu, na wengine wamesuka. Je, watakubali kushikwa kichwa?
*Mwalimu, Zanzibar*

Wengi watakubali wakiulizwa vizuri mapema, si wakiwa tayari kitandani. Tangazo la utafiti liseme wazi: utalala chali umevaa nguo zako, kisogo kitashikwa, mtandio unaweza kubaki. Mtandio mwepesi wa pamba hauzuii CV-4. Fundo la nyuma na kibanio ndivyo vinavyozuia, navyo vinaumiza. Rasta nene na wigi hupandisha kichwa, mikono haifiki kwenye mfupa, na mshiriki huamka na shingo inauma. Andika kwenye fomu hali ya nywele kwa kila kikao, na ikibidi mpange siku nyingine.

Awepo mtoa tiba wa kike kwa wanawake wanaotaka hivyo, na mtu wa tatu chumbani au mlango ulioachwa wazi kidogo kwa yeyote anayeomba. Hilo lipangwe sawa kwa makundi yote. Kundi moja likiwa na mtu wa tatu na jingine halina, umeongeza tofauti usiyoitaka.

Mwalimu asiandikishe wanafunzi anaowasahihishia mitihani. Hata akisema "ni hiari", wao wanasikia vingine. Wasiopaswa kuingia kabisa: walioumia kichwa karibuni, waliowahi kuvuja damu kwenye ubongo au wenye mshipa uliovimba ubongoni, wenye shinikizo la juu ndani ya fuvu, na wenye maumivu mapya makali ya kichwa ambayo hayajachunguzwa. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie, na vibali vya nchi: Tanzania Bara NIMR, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST. Sajili jaribio kwenye sajili ya majaribio ya Afrika, PACTR, kabla ya mshiriki wa kwanza. Majarida makubwa ya tiba yamekuwa yakilidai hilo tangu 2005, na usajili wa baadaye hausaidii.

Kundi la tiba lilishuka kwa p=0.03, la kuigiza p=0.07. Je, si nimethibitisha?
*Msomaji, Eldoret*

Hapana, ndugu yetu, na tunajua hili linauma baada ya kazi yote. Umelinganisha kila kundi na lenyewe, ukaona p moja iko chini ya mpaka wa kawaida wa 0.05 na nyingine juu yake. Huenda la kwanza lilishuka pointi 6 na la pili pointi 5, na tofauti ya pointi moja si kitu. Linganisha makundi mawili moja kwa moja: alama ya mwisho, ukizingatia alama ya mwanzo, kwa uchambuzi wa ANCOVA. Andika tofauti hiyo kwa pointi pamoja na mipaka yake ya asilimia 95. Ukipata kushuka kwa pointi 1, na mipaka kutoka kushuka 4 hadi kupanda 2, basi hujui, na uandike hivyo.

Kila aliyegawiwa kundi abaki nalo kwenye uchambuzi, hata aliyehudhuria kikao kimoja akatoweka. Wanaotoweka mara nyingi ndio ambao hawakupata nafuu; ukiwaondoa, tiba yoyote inapendeza. Mfuate kwa simu akujazie walau dodoso kuu. Na kama ulipima vitu kumi kikatokea kimoja chenye p chini ya 0.05, sema vilikuwa kumi.

Nina wasiwasi mkali tangu mwaka wa kwanza. Nimeambiwa nilipie vikao kumi kwa mkupuo. Nifanye nini?
*Msomaji, Arusha*

Usilipe kwa mkupuo, dada. Hakuna msingi wa kitafiti wa namba kumi kwa wasiwasi wa wanafunzi. Ukitaka kujaribu kikao kimoja kwa sababu kinakupumzisha, ni hiari yako, mradi huna yale tuliyoyataja ya kichwa. Ila wasiwasi mkali wa miaka una tiba zenye ushahidi wa nguvu zaidi: mazungumzo ya kitaalamu yanayofundisha kubadili fikra na mienendo, na dawa pale daktari anapoona zinafaa. Anza na mshauri wa wanafunzi chuoni kwako, omba akuelekeze kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Nenda na orodha ya tarehe wasiwasi ulipopanda, unalala saa ngapi, unakunywa kahawa kiasi gani, na dawa zote unazotumia. Kama moyo unakimbia hata umekaa, unapungua uzito au mikono inatetemeka, omba wapime pia tezi ya shingo na wingi wa damu, kwa sababu hayo mawili huiga wasiwasi na yana tiba yake. Na kama mawazo ya kujidhuru yapo, usingoje miadi. Nenda leo kitengo cha dharura, ukiwa na mtu unayemwamini.